Nafasi Yangu kwenye Mkeka wa Nkambo

Mama ametuma samaki tena. Wamefika na dereva wa basi la Nchelenge, ndani ya gunia la unga lililoshonwa mdomo kwa uzi wa wavu. Nimekata uzi hapa jikoni kwangu, Mansa, harufu ikatoka yote kwa mara moja: samaki, moshi, na nyuma ya moshi ile harufu kali kidogo, tamu kidogo, ya kuni za mukula. Ninyi mliokua kando ya ziwa Mweru miaka ile ile kama mimi mnaijua. Inashika nywele, inashika nguo ya ibada, ukiingia darasani mwalimu anajua kwenu mnafanya kazi gani kabla hujafungua kinywa.

Kuna watu wakisikia harufu ya zamani wanalia. Mimi nilikaa na gunia wazi mbele yangu na sikusikia kitu. Mama alikuwa amesema kwenye simu, "Mugawane sawasawa, usijifanye mukubwa." Basi nikaanza kuwatenga mafungu mawili juu ya gazeti, mnene huku, mnene kule, na baada ya dakika chache mikono yangu ilikuwa inanuka mikono ya Nkambo. Niliinusa mara mbili, kuhakikisha. Kisha nikaendelea.

Nkambo alikuwa mama wa mama yangu. Alivuka kutoka upande wa Kongo pamoja na mama, kabla mimi sijazaliwa, wakati watu wa kule walikuwa wanakimbia vita, na hakurudi. Mimi nilipewa jina lake. Kwetu mtoto aliyebeba jina la mtu si mjukuu wa hivi hivi, ni mwenzake. Hakuniita kwa jina hata siku moja, alisema mtu hawezi kujiita mwenyewe mchana kweupe, watu watamshangaa. Aliniita Majina, yaani wajina wake. "Majina, leta maji." "Majina, unanuna nini, nani amekufa?" Na kila usiku nililala kwenye mkeka wake, katika kijumba chake cha chumba kimoja nyuma ya mihogo, mimi upande wa ukuta, yeye upande wa mlango. Mkeka ulitosha watu wawili, mradi mmoja awe mdogo.

Kazi yake ilikuwa kukausha samaki kwa moshi. Papa, baba yangu, alikuwa analoba samaki huko Mununga, anakaa wiki mbili tatu kwenye kambi ya wavuvi, samaki wanashushwa kwetu na mitumbwi, na Nkambo anawapokea. Uchanja wetu ulikuwa sanduku la matofali ya udongo, urefu wa kiuno, juu yake wavu wa waya. Ulijengwa ubavuni mwa nyumba kubwa, walikolala mama na mdogo wangu, ili mvua isiufikie. Wanawake wengine walichoma kuni zozote walizookota. Nkambo alitaka mukula tu. Alisema mukula unawapa samaki rangi na wadudu hawawagusi, na kweli, wachuuzi walikuwa wanapita milango ya wenzake wanakuja kwetu. Mti huo ukiukata unatoa maji mekundu, mazito, unaweza kuapa ni damu. Nilipokuwa mdogo kabisa niliogopa kushika kuni hizo. Baadaye nilizoea, nikawa najipaka yale maji kwenye kucha.

Wanawake wote wa uchanja walikuwa wanakohoa. Asubuhi, ukipita njia ya ufukoni, ulisikia kila nyumba na kikohozi chake, na sisi watoto tulikuwa tunajua nani ameamka bila kumwona. Jirani yetu, Bana Mutale, yaani mama Mutale, Mubemba wa pale pale aliyejifunza Kiswahili kwa kuuza samaki na watu wetu, alimtania mama yangu, "Weye haukohoi, kazi haujajua bado." Mama alicheka. Kwa hiyo Nkambo alikohoa, na hakuna aliyesema Nkambo ni mgonjwa, kama vile hakuna aliyesema Nkambo ananuka moshi. Alikonda pia, akasema ni uzee. Alitoka jasho usiku hadi mkeka ukalowa upande wake, akasema ni joto, na joto lilikuwepo kweli.

Alikuwa na kopo. Kopo la zamani la maziwa ya unga, nusu limejaa majivu, limekaa karibu na kichwa chake. Akikohoa anatema humo, anafunika kwa majivu kwa kijiti, anarudi kulala. Asubuhi kazi yangu ilikuwa kwenda kulimwaga nyuma ya mihogo na kuweka majivu mapya. Siku nyingine niliona nyuzi nyekundu ndani ya majivu. Sikushtuka. Nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa nimeshaelewa jambo lote peke yangu: Nkambo amevuta moshi wa mukula miaka mingi, mukula una maji mekundu, sasa maji yale yanatoka. Niliona ni jambo la akili sana. Nilijivuna kidogo kwamba mimi tu ndiye niliyelijua, na sikumwambia mtu, kwa sababu hakuna aliyeniuliza.

Mdogo wangu aliitwa Bupe. Alikuwa na miaka minne. Mama alimpa jina la Kibemba kwa sababu yeye, tofauti na sisi wote, hakuwa na mtu wa kumrithi jina, akasema huyu ni wa ng'ambo hii. Alikuwa mtoto wa fujo, mwenye kupiga na kukimbia, na mimi nilimchoka, nasema ukweli.

Kikohozi chake kilianza majira ya vumbi, kabla ya mvua. Kilikuwa kidogo, cha kukwaruza. Jioni, jua likishuka upande wa Kongo, mama alimwekea kiganja shingoni, akangoja, akageuza mkono akamwekea mgongo wa mkono. "Iko na moto," alisema. "Si mingi." Asubuhi moto haukuwepo. Jioni ulirudi. Kwetu homa ni malaria, huna haja ya kufikiri, na malaria ina tabia yake, inakutupa chini, inakutetemesha, inakuacha. Hii haikumtupa mtu chini. Ilikuja tu kila jioni, kama mgeni aliyezoea nyumba.

Mama alimpeleka kliniki. Walimtoboa kidole, kipimo kikaonyesha malaria, akapewa vidonge. Alimaliza vidonge, jioni mama akaweka kiganja, moto upo. Akarudi. Kidole tena. Safari hii hakuna malaria, akapewa dawa ya maji ya kikohozi, nyekundu, tamu, nikailamba kwa siri. Chupa iliisha. Kikohozi kikabaki pale pale.

Hapo kila mtu akawa na neno lake. Mwanamke mmoja wa kanisani alisema ni minyoo, minyoo inapanda kifuani, na Bupe akanyweshwa dawa ya minyoo. Mwingine akasema ni upepo wa ziwa, mtoto anaogeshwa jioni. Mama akaacha kumwogesha jioni. Papa alipokuja kutoka Mununga alimbeba Bupe, akamrusha juu kidogo kama alivyozoea, akamdaka, akampima mikononi. "Mbona mutoto iko mwepesi vile?" aliuliza. Mama alimwambia anakua, watoto wakikua wanarefuka. Lakini kadi ya kliniki ilikuwa ndani ya sanduku la nguo, na mstari wake wa uzito ulikuwa umeacha kupanda. Mama alikuwa anaitoa mara kwa mara, anaiangalia, anairudisha chini kabisa, chini ya vitenge.

Bupe mwenyewe aliacha fujo. Alikaa kizingitini na kuangalia kuku. Mifupa ya shingo ilijitokeza, na gauni lake la Jumapili likawa linateleza begani, mama analipandisha, linateleza. Aliacha kunipiga. Mimi nilifurahi kwamba nimepumzika, na hilo ni moja ya mambo ninayoyakumbuka vizuri kuliko nilivyotaka.

Ni Bana Mutale aliyelisema, akiwa amesimama pale pale kwenye uchanja, anasugua jicho lake.

"Huyu mutoto analala hapa karibu na moshi," alisema. "Mukubwa anavumilia. Mutoto hawezi. Ni moshi hii."

Wote waliona ni kweli. Nilikumbuka uso wa mama kwa muda mrefu: ulilegea, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Moshi ulikuwa kitu tulichokijua. Ulikuwa wetu, ulitulisha, na ulikuwa na dawa rahisi, kumtoa mtoto mahali ulipo. Nkambo ndiye aliyetoa dawa yenyewe. Kijumba chake kilikuwa mbali, nyuma ya mihogo, upepo haupeleki moshi kule.

"Alale kwangu," alisema Nkambo. "Kule hakuna moshi hata kidogo. Majina ni mukubwa sasa, atalala na mama yake."

Ndivyo nilivyotolewa. Hakuna aliyeniuliza. Jioni ile mimi ndiye niliyembeba Bupe kupita mihogo, kwa sababu alikuwa hataki kutembea, mwili wake una moto shingoni mwangu, nikamlaza upande wa ukuta, mahali pangu. Nkambo alikuwa ameziba dirisha kwa gunia ili upepo wa ziwa usimguse mtoto. Alikuwa ameziba na nyufa za mlango kwa matambara. Mle ndani palikuwa pa joto, pamefungwa vizuri, safi. Alimfunika Bupe kwa kitenge chake mwenyewe, akajilaza karibu naye, akamkumbatia kifuani. Nilisimama mlangoni nikingoja aseme kitu. Akasema, "Majina, rudisha mlango."

Nimewahi kusikia watu wakisema kwamba wivu unachoma. Wangu haukuchoma. Ulikaa tu, wiki baada ya wiki. Nililala kwa mama nikisikia vikohozi viwili vikitoka nyuma ya mihogo, kimoja kinene, kimoja chembamba, kimoja kinaanza, kingine kinajibu, na nilichofikiri ni kwamba wanazungumza bila mimi.

Kila mtu alikuwa anangoja ziwa lifungwe. Mnajua wenyewe, kila mwaka mvua zikikaza serikali inafunga ziwa ili samaki wazaane, nyavu zinakunjwa, na miezi hiyo hakuna wa kuloba wala wa kukausha. "Ziwa ikifungwa, moshi inaisha," mama alimwambia kila aliyeuliza. "Moshi ikiisha, kikohozi inaisha." Alilisema kanisani, alilisema kisimani. Nafikiri alilisema mara nyingi kuliko sala zake.

Ziwa likafungwa. Papa akarudi, akakaa chini ya ukingo wa paa akirekebisha nyavu. Moto ulizimwa, Nkambo akafagia majivu, uchanja ukapoa. Baada ya wiki mbili buibui walikuwa wametanda kwenye waya. Mvua iliosha kuta, nguo zetu zikaacha kunuka, hewa ikawa ya udongo tu. Asubuhi moja nilimkuta mama amesimama pale, kiganja chake kimewekwa juu ya matofali, vile vile alivyokuwa akikiweka shingoni mwa Bupe. Matofali yalikuwa baridi. Kule nyuma ya mihogo Bupe alikohoa, akakohoa, akakohoa. Mama alikaa na mkono pale mpaka kikohozi kikaisha, kisha akaenda kumchukua, akamfunga mgongoni, akaniambia nibebe mfuko.

Hii kliniki siitaji jina, na sista, muuguzi aliyekuwepo siku ile, simtaji, ingawa ningependa ajue kwamba simsahau. Alikuwa mwanamke wa makamo, Mubemba, miguu imevimba, Kiswahili chake cha sokoni. Alimpima Bupe uzito, akaitazama kadi, akaigeuza, akaitazama tena. Akamvua gauni, akaangalia mbavu zikiingia na kutoka. Aliuliza tangu lini. Mama akasema tangu vumbi. Aliuliza homa inakuja saa ngapi. Jioni. Inakuwa kubwa? Hapana, ndogo, lakini haiachi.

"Kwenu, nani mwingine anakohoa?"

"Hakuna," alisema mama.

"Hata mukubwa?"

"Hakuna, mukwai," alisema mama kwa adabu ya Kibemba. " Ni huyu tu."

Mama hakudanganya. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu yeye mwenyewe amejiuliza jambo hili kwa miaka. Mama alitafuta kichwani mwake mtu mgonjwa, hakumwona. Aliyemwona ni mwanamke wa uchanja.

Sista akaanza kuandika. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi na mfuko mapajani, na nilikuwa nimeona mlango umefunguka. Nitasema kwa nini nilisema. Sikusema kwa sababu nilijua kitu. Niliwaza kwamba nikionyesha mle kwa Nkambo nako kuna kikohozi, basi watamtoa Bupe mle, na nafasi yangu itarudi.

"Nkambo anakohoa," nilisema.

Mama aligeuka. "Ile ni ya moshi," alimwambia sista haraka. "Ule anakausha samaki, sista. Bote banakohoa."

"Anakohoa hata sasa na moshi haiko," nilisema. "Kila siku. Na anatema mukula."

Kalamu ilisimama. "Anatema nini?"

Nikamweleza, kwa furaha ya mtoto aliyepewa nafasi ya kusema mbele ya wakubwa. Nilieleza kopo, majivu, nyuzi nyekundu, mti unavyotoa maji ukikatwa. Nilieleza vizuri, kwa utaratibu. Sista hakunikatiza. Nilipomaliza aliniuliza polepole kabisa, "Na huyu mutoto analala na nani?"

"Na Nkambo," nilisema. "Pa nafasi yangu."

Mama alikaa chini. Hakuwa na kiti nyuma yake, alikaa tu sakafuni, Bupe mikononi, na sista akatoka nyuma ya meza akaja kuinama karibu naye, na miguu yake ile. Waliongea kwa sauti ya chini. Neno tibii, yaani kifua kikuu, nililisikia mara mbili. Kwangu halikuwa na maana yoyote. Niliangalia mfuko.

Kesho yake mtu wa kliniki alikuja kwetu kwa baiskeli na vikopo vidogo vyeupe vya kutemea. Nkambo alikohoa ndani yake mbele ya watu wote, amekaa wima, kama mtu anayejibu shtaka. Bupe alipelekwa kupigwa picha ya kifua. Majibu ya Nkambo yalipokuja walimwita, akaenda na mama, na nilimwona akirudi njia ya ufukoni, yeye mbele, mama nyuma sana. Hakusalimia mtu. Alipita moja kwa moja hadi kijumba chake, akatoa kitenge cha Bupe, akatoa kikombe cha Bupe, akavileta mpaka katikati ya mihogo, akaviweka chini, akarudi. Aling'oa gunia dirishani. Aling'oa matambara mlangoni. Kisha akachukua kigoda chake, akakiweka nje upande wa ziwa, akakaa akitugeuzia mgongo.

Jua lilikuwa linaenda kushuka. Mimi nilichukua blanketi langu. Nilipita mihogo karibu nikiruka, maana Bupe ametoka, na mkeka una nafasi. Nilikuwa nimebakiza hatua labda kumi.

"Rudi kwa mama yako," alisema Nkambo.

Hakugeuka. Sauti yake ilikwenda mbele, ziwani. Nilingoja ile majina. Kila sentensi yake kwangu ilikuwa nayo, mwanzoni au mwishoni. Nilisimama na blanketi mpaka mbu wa jioni wakaanza, na haikuja. Basi nikajua. Nimemchongea kwa sista, tena kwa sababu ya mkeka, na amejua, amenichukia. Niliona haya kiasi kwamba sikuweza kumwambia mtu, hata mama. Nilirudi, nikakunja blanketi, nikala chakula cha usiku.

Tangu siku ile hatukuona uso wake ila kwa mbali. Alikula peke yake, sahani yake, kikombe chake. Akitaka kitu alimwita mama. Mimi nikipita kwenda kumwaga maji, aliinuka akageuza kigoda kidogo, mgongo ukanifuata. Kopo alilimwaga mwenyewe. Alimeza dawa zake kila asubuhi mbele ya mama, na Bupe zake, zimesagwa kwenye kijiko cha uji, anatema nusu na kurudishiwa. Mimi nilipimwa pia, hawakuona kitu. Dawa zikafanya mkojo wa Bupe uwe mwekundu kama chai ya rangi, nikaenda kumwambia mama kwa utulivu kwamba mukula umeanza kutoka. Mama aliweka kijiko chini. Akasema, "Ndiyo."

Na kweli ulitoka. Wiki ya tatu mama aliweka kiganja jioni, akageuza mkono, akaita papa, papa naye akaweka chake. Hakukuwa na moto. Mwezi wa pili Bupe aliomba chakula kabla hakijaiva. Siku moja alinipiga na mwiko kichwani, na mama akakaa kizingitini akalia, mimi nikidhani analia kwa ajili ya kichwa changu.

Nkambo hakungoja dawa zimalize kazi. Sista alisema kifua chake kilikuwa kimekwisha zamani, dawa zilikuta nyumba bila nguzo. Alikufa wiki ile ile ziwa lilipofunguliwa. Watu wa msiba walipaswa kula, mitumbwi ilikuwa imeleta samaki wa kwanza, kwa hiyo mama alitoa buibui kwenye waya, akawasha uchanja mwenyewe, kwa kuni za mukula zilizobaki. Ua mzima ulinuka Nkambo. Wanawake walilia. Bupe alilia kwa sababu wengine walilia. Mimi nilikaa kwenye kizingiti nikiangalia kuku, na sikusikia kitu, na nikafikiri ni sawa, mtu akikukasirikia huna haki ya kumlilia. Sijui kama niliwahi kuinuka vizuri kutoka kizingiti kile.

Miaka mingi baadaye, nilipozaa mtoto wangu wa kwanza, mama alikuja kunisaidia akiwa na mafua. Alimwogesha mtoto akigeuza uso wake pembeni kabisa, shingo imepinda. Nilimuuliza mbona anajitesa. Akasema amemwiga mama yake. Sista alikuwa amemweleza Nkambo kwamba ugonjwa unatoka na pumzi, unakwenda mbele ya mtu, na kwamba ulikuwa umekwenda kwa Bupe kutoka kwake, kwanza mchana akimbeba, kisha kwenye mkeka ule akimkumbatia. Baadaye walimwambia dawa zimeshaanza kazi, anaweza kukaa na watoto. Hakutaka kusikia. "Alisema mbele yake hatapita mutoto tena," mama alisema, akaendelea kuosha.

Nilielewa. Nilikuwa mtu mzima, nilielewa vizuri sana, na nikampa mama taulo. Lakini yule mtoto mwenye blanketi hakuelewa. Yeye alikuwa bado anangoja jina lake, na hilo mama hakuweza kulieleza. Mgongo una sababu yake. Jina halipiti na pumzi. Angeweza kuniita.

Hodi ilipigwa hapa Mansa nikiwa nimebakiza samaki watatu wa kugawa. Bupe aliingia na mtoto wake mgongoni, mnene, mwenye kelele, Bupe ninamaanisha, akasukuma viatu ukutani.

"Umeshajichagulia wanene," alisema.

"Mama amesema sawasawa."

Aliinamia gazeti, akavuta harufu, akafumba macho. Yeye hulia kwa urahisi, akaanza kulia kidogo na kucheka. "Mi nikisikia hii, naona mugongo ya Nkambo," alisema. "Uso sikumbuki kabisa. Mugongo tu. Ile kitenge ya njano."

"Ulikuwa unakwenda kule?" nilimuuliza. "Walikukataza."

"Nilikuwa natoroka. Nakaa nyuma yake, nachora chini. Hanifukuzi, ila hageuki. Anauliza tu maneno yake." Alichukua samaki mmoja, akamnusa, akamrudisha. "Kila siku maneno yale yale. Majina amerudi ku masomo? Majina amekula? Majina analala vizuri kwa mama? Nakuambia, alinichosha. Mi nasema ndiyo, ndiyo, ndiyo, hata kama sijakuona tangu asubuhi. Anasema, basi, muzuri."

Mtoto mgongoni mwake alikohoa mara moja, kikohozi cha moshi wa samaki, na wote wawili tukasikiliza mpaka tulipoona hakirudi.

"Yaya," alisema Bupe, vile tunavyomwita dada mkubwa. "Mbona umeshika samaki vile? Unamuvunja."

Nilimwangalia samaki mkononi, amekatika shingo kweli. Nilisema hakuna kitu. Nikamwambia akae, arudie, aanze mwanzo, aseme yote aliyouliza Nkambo, polepole, na safari hii nitamjibu Nkambo mimi mwenyewe.